Mapazia ya kitambaa hapa pwani: usisubiri Idi

Mapazia mengi hapa Dar es Salaam hayafi kwa uzee. Yanaachwa na vumbi miezi na miezi, kisha sikukuu ikikaribia yanashushwa yote, yanatiwa maji ya moto na sabuni ya unga tele, yanafikichwa na kukamuliwa kama dekio. Kitambaa kizuri hakistahimili hivyo mara nyingi.

Kwangu kazi kubwa ni vumbi, si kufua. Chembe zake ni ngumu, na kila pazia linapopepea zinasugua nyuzi. Unyevu wa bahari nao unazigandisha. Kila wiki, kabla ya kufagia, nayapiga brashi laini kuanzia kwenye marinda ya juu hadi kwenye pindo. Ila anza na wavu wa mbu. Wavu uliojaa vumbi unalimwaga lote kwenye pazia upepo ukivuma, na watu wengi wanafua pazia tu wavu wakauacha vilevile.

Siku ya kufua, toa vishikizo na ringi, kisha loweka pazia kwenye maji baridi matupu, bila sabuni, kama nusu saa. Utaona maji yanavyogeuka tope. Yamwage, uloweke tena. Hapo ndipo unatia maji ya vuguvugu yenye sabuni iliyokwisha kuyeyuka, na unabonyezabonyeza tu. Suuza mpaka maji yawe meupe, kwa sababu sabuni inayobaki hunasa uchafu upya. Pamba ikikutana na maji ya moto hurudi, na pazia lililokuwa linagusa sakafu likabaki linaning'inia. Ukinunua pamba, ifue kabla ya kumpelekea fundi, au mwambie aache pindo pana.

Shia, yaani pazia jepesi la kitambaa kinachopenya mwanga, naitundika ikiwa na unyevu kidogo, uzito wake unaikunjua yenyewe. Zile nzito hapana: zikauke kabisa, kivulini penye upepo. Ndiyo maana nzito nazifua Januari au Februari, wakati wa kaskazi, kabla ya masika. Ukizifua Aprili zinabaki na unyevu siku kadhaa, na kuvu huanza.

Kuvu ikishaingia, toa pazia nje, funika pua na mdomo, uipige brashi. Pamba nyeupe inavumilia jiki iliyozimuliwa. Ya rangi nitajaribu siki nyeupe kwanza kwenye kona isiyoonekana. Tafadhali sana, usichanganye jiki na siki hata kidogo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu.

Madoa ya kutu ya nondo za dirishani ni jambo jingine. Jiki huyakomaza. Paka ndimu na chumvi, acha kwa muda, suuza vizuri. Na nondo zenyewe zipigwe rangi, la sivyo unafua bure.

Mapazia mazito ya kuzuia mwanga, yenye mpira nyuma, yapanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Maji ya moto na pasi hubandua ule mpira. Blaindi za kitambaa za kukunjwa juu usizitumbukize kwenye beseni: ziteremshe zote, zipige brashi, gusagusa doa kwa sponji yenye povu, na usizipandishe kabla hazijakauka, maana unyevu ukifungiwa kwenye mikunjo huzaa kuvu. Kamba zake zifunge juu, mbali na watoto. Kamba inayoning'inia inaweza kumnyonga mtoto mdogo, na kitanda chake kisikae karibu nayo.

Jua ndilo nisiloweza kulifua. Linapausha rangi na kuchosha nyuzi, hasa madirisha ya magharibi. Dawa niliyoiona inafaa ni bitana ya pamba nyeupe, nayo nimemwomba fundi asiishone moja kwa moja, aitie vifungo. Inavuliwa na kufuliwa peke yake, na ikichakaa nabadilisha hiyo tu.