Niliacha Kuwapigia Wanangu Kelele, Nikaiachia Ndoo Iwaite

"Mama, nilijua bado hujakasirika."

Hilo ndilo jibu alilonipa mwanangu mkubwa alfajiri moja ya Jumanne, mwaka juzi, nilipomuuliza kwa nini hakuamka kukinga maji. Nilikuwa nimemwambia usiku kabla hajalala, nikamkumbusha kupitia mlangoni, na maji yalipoanza kutoka nikamwita mara mbili. Hakujibu kwa kiburi. Alisema vile mtoto anavyosema jambo linalojulikana, kama vile jua bado halijachomoza. Alikuwa na miaka 11. Kwake yeye, kuambiwa mara ya kwanza hakukuwa na uzito wowote, na mara ya pili vilevile. Kazi ilianza pale sauti ya mama inapopanda mpaka jirani asikie.

Nilikaa na neno lile siku nzima. Kwa miaka nilidhani nina watoto wazito wa kusikia, kumbe walikuwa wanasikia vizuri sana. Walikuwa wamejifunza kwangu mimi mwenyewe kwamba maneno matatu ya mwanzo ya mama ni ya kupita tu.

Tunaishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Nina watatu: huyo mkubwa ambaye sasa ana miaka 13, binti wa miaka 10, na kitinda mimba wa kiume wa miaka 6. Mimi na baba yao tunatoka asubuhi na kurudi jioni. Mwenye kuishi huku anajua hali yetu. Mvua ni msimu mmoja, Desemba hivi mpaka Aprili, na miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi linaloingia mpaka kabatini. Maji ya mjini kwa sehemu kubwa yanategemea visima virefu vya Mzakwe, na watu wameongezeka sana tangu Serikali ihamie huku. Mtaani kwetu maji ni ya mgao. Yakitoka unakinga, usipokinga unasubiri zamu nyingine. Nyumba ya namna hiyo, yenye watoto watatu wa kufuliwa sare, ukitaka kuiendesha kwa sauti ya mtu mmoja, sauti itaisha na maji hayatakuwepo.

Nilichokuwa nakosa nilikiona Bahi, kwa mama mkwe wangu, likizo ya mwezi wa sita mwaka huohuo. Ugogoni, yaani kwa Wagogo wa huku Dodoma, mtoto mdogo hakabidhiwi ng'ombe. Anaanzia kwa ndama wanaobaki karibu na nyumba, akikomaa anapewa mbuzi, ndipo baadaye afuate ng'ombe mbali, pamoja na kaka zake. Pale alikuwepo mtoto wa shemeji yangu, miaka 7 hivi, na kazi yake ilikuwa ndama wanne. Nilimwangalia kwa siku nne. Sikumsikia mtu yeyote akimwambia, "Nenda kawatoe ndama." Jua likipanda kidogo ndama wanaanza kulia, naye anaweka kikombe chake cha uji chini na kuondoka. Jioni ng'ombe wakikaribia, mama wanalia na watoto wao wanaitikia, yule mtoto anakimbia zizini kuwatenga, maana akichelewa watanyonya yote na bibi hatakuwa na cha kukamua.

Nikamuuliza mama mkwe anafanyaje mpaka mtoto anashika kazi namna ile. Akanishangaa.

"Mwanangu, mimi simwambii. Ndama ndiye anayemwambia."

Nyumba ya mjini haina ndama. Sahani chafu hailii, shati lenye vumbi halilii, pipa tupu halilii. Basi mama anaamua kulia kwa niaba ya vitu vyote hivyo, tangu alfajiri mpaka taa zinapozimwa. Ule ndio mzigo niliokuwa nimejitwisha, na ulikuwa unawaumiza watoto pia, kwa sababu mtoto anayegombezwa kutwa hufika mahali akaamini kwamba yeye mwenyewe ndiye kosa. Tuliporudi mjini nikaazimia jambo moja: kila kazi ninayompa mtoto itafutiwe kitu cha kumwita, na kitu hicho kisiwe mdomo wangu.

Nikaanza na maji. Usiku wa kuamkia siku ya mgao, mkubwa anafungua koki ya uani na kuweka chini yake ndoo tupu ya bati, karibu na dirisha la chumba chao. Ya plastiki tuliijaribu, haisikiki. Alfajiri koki inakohoa hewa kwanza, mara mbili tatu, kisha maji yanapiga kitako cha bati na nyumba nzima inasikia. Huyo ndiye ndama wake. Anaamka, anachomeka mpira, anajaza pipa la jikoni, halafu simtanki, halafu madumu sita, anafunika, anafunga koki. Kujua kwamba dumu fulani limepoteza kifuniko ni juu yake. Kuniambia mpira umetoboka ni juu yake. Kabla ya hapo nilikuwa namwambia "njoo unisaidie maji", na mtoto anayesaidia kazi ya mama hana sababu ya kuifikiria mama akiwa amelala. Sasa maji ni kazi yake, na sisi wengine ndio tunaosaidiwa.

Lakini sikumkabidhi ghafla, na hapa naomba mzazi mwenzangu usiruke. Wiki ya kwanza nilikinga mimi, yeye akishika tochi. Wiki ya pili tulikinga wote. Ya tatu alikinga yeye, mimi nimekaa kizingitini na khanga yangu, nimenyamaza. Ya nne nikabaki kitandani. Mara nyingi tunamtuma mtoto kazi ambayo hatujawahi kumwonyesha taratibu, kisha tunaita uvivu kile ambacho ni kutojua.

Vyombo vya usiku vinaitwa na taarifa ya habari ya saa mbili. Muziki wa kufungulia habari ukipiga, mwenye zamu anainuka. Zamu ni ya mkubwa na binti, na inabadilika kwa wiki. Mwanzoni tuliweka ya siku kwa siku, ikatuletea kesi kila jioni: jana nilikuwa mimi, juzi ulikuwa kwa bibi, sasa leo ni ya nani? Zamu ya wiki nzima haina ubishi. Sare nazo zinaitwa na beseni. Tuliliweka mlangoni kabisa mwa chumba, huwezi kuingia bila kuliona. Shati likivuliwa, kama linafaa tena linatundikwa msumarini, kama halifai linaingia humo, na kila mwenye miaka 8 kwenda juu anafua shati na soksi zake kabla ya kuwasha televisheni.

Kitinda mimba alipewa viatu akiwa na miaka 4. Akishaoga jioni anatandika mkeka mzee karibu na mlango na kupanga viatu vya watu wote, visigino vikigusa ukuta, kila kimoja akikigonga kwanza nje kutoa vumbi. Wiki za mwanzo alikuwa anaweka cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Nilivichukua hivyohivyo, nikavaa, nikavibadilisha nikiwa nimeshafika barabarani. Ukirudia kazi ya mtoto mbele ya macho yake umemwambia kwamba hukuihitaji. Jioni moja kiatu kimoja cha kaka yake hakikuonekana. Alichukua tochi, akazunguka nyumba peke yake, akakikuta chini ya mwarobaini, akarudi nacho amekikumbatia kifuani kama kuku aliyepotea. Hakuna aliyemtuma.

Tulipata maneno kutoka kwa ndugu. Mmoja alifika jioni akamkuta mkubwa wetu anasugua sufuria la ugali, akauliza kama binti anaumwa. Nilimjibu kwa heshima kwamba kijana huyu atakwenda bweni, siku moja atapanga chumba chake, na hakuna atakayemfuata huko kumwoshea. Naamini hivyo kwa moyo wote. Nyumba inayomfundisha msichana kazi na kumwacha mvulana akikaa inawadhulumu wote wawili. Kilichonisaidia zaidi ya hoja ni baba yao: yeye alichukua taka na kusugua simtanki, na siku watoto walipomwona ameingia ndani ya tanki Jumamosi asubuhi, suruali imekunjwa magotini, habari ya kazi za kike na za kiume haikurudi tena pale kwetu.

Jaribio lenyewe lilikuja mwezi wa tisa. Ndoo ilipiga alfajiri, nikaisikia, na nikasikia kitanda cha mkubwa kikilia kisha kikanyamaza. Amerudi kulala. Nilijilazimisha kubaki pale nilipo. Ulimi uliniwasha jamani. Nililala nikisikia maji yanajaa ndoo na kumwagika uani, katika mji huu, na sikumwita. Nilitoka nikafunga koki, nikarudi kimya. Alipoamka maji yalishakata, na tulikuwa na madumu mawili mpaka Ijumaa. Hakupigwa, hakusimangwa. Jioni nilimuuliza swali moja tu: "Tutafanyaje mpaka Ijumaa?"

Alifikiria muda mrefu. Akaazima toroli, akaenda kununua kwa jirani mwenye kisima, kwa pesa tuliyompa sisi, kwa sababu sikutaka iwe adhabu. Nilitaka aone kazi yake imeshikilia nini. Maji ya kisima kile ni ya chumvi. Alifua shati lake kwayo, akapaka sabuni, akasugua, povu halikutoka, akaniangalia. Nami nikaendelea kuchambua mboga. Tangu siku hiyo amewahi kusahau mara mbili, na mara zote mbili alikwenda kwa jirani kabla sijarudi kazini.

Kunyamaza huku kuna mipaka. Penye gesi, moto, dawa au barabara nasema, tena kwa sauti. Na pale neno linapohitajika kwa mambo ya kawaida, natumia moja: "Koki." "Beseni." Nasema na kuondoka, bila kuambatanisha historia ya makosa ya tangu Januari. Malalamiko yangu nayaweka mpaka Jumapili baada ya chakula cha usiku, tunapokaa wote watano, na watoto nao wanasema ya kwao. Ni kwenye kikao hicho binti alinieleza kwamba wiki ya vyombo ikikutana na mazoezi mengi ya shule analala amechoka sana. Tukapanga kwamba mwenye mitihani anabadilishana wiki.

Hilo la kuchoka naliangalia kwa makini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtoto awaheshimu wazazi na kuwasaidia panapohitajika, na sheria hiyohiyo inamkataza mzazi kumpa mtoto kazi itakayomdhuru afya, elimu au makuzi. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 za maji. Mtoto wa miaka 6 habebi hilo hata akilia kutaka kubeba. Masomo ya jioni yanatangulia. Pesa kwa kazi za nyumbani sitoi, ingawa najua wazazi wazuri wanaotoa. Kwangu mimi, mtoto anayelipwa kuosha sahani aliyolia chakula ataniuliza siku moja bei ya kumwuguza bibi yake.

Siwezi kusema nyumba yangu imekuwa kimya. Januari shule zikifunguliwa mambo hulegea wiki mbili hivi, nami hujikuta nimepandisha sauti. Nikigundua, najiuliza kazi gani imepoteza kinachoiita, na karibu kila mara napata jibu: beseni limesogezwa, ndoo imetumika kuchanganyia saruji, tumeacha kufungua taarifa ya habari.

Wiki iliyopita maji yalitoka siku isiyo yetu, Jumatano, kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Bahati nzuri ndoo ilikuwa pale. Nilisikia bati likilia, nikasubiri. Kimya. Nikaanza kuinuka. Kisha nikasikia miguu midogo sakafuni, na sauti ya kitinda mimba, nzito ya usingizi:

"Kaka. Kaka, ndoo yako inalia."