Kahawa Nzuri Baharini Huanzia Nchi Kavu

Mashua yangu ina urefu wa mita 9. Kwa miaka mingi naivusha mkondo wa Nungwi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, na kurudi, mara na wageni wawili watatu, mara na mizigo yangu mwenyewe, na sijapata kung'oa nanga bila dele, birika langu la kahawa. Wanaosafiri nami huniuliza imekuwaje kahawa ya chomboni ikanukia kama ya barazani. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi huwa nimeimaliza nyumbani.

Anza na buni. Usichukue kahawa iliyokwisha kusagwa, hata kama muuzaji ni mtu wako. Ikishakuwa unga harufu hutoka haraka, na unyevu wa bahari huingia haraka zaidi. Siku za kusi, chumvi inaposhika hata kioo cha simu, unga wa kahawa huanza kugandamana siku ya pili tu. Mimi nakaanga buni za siku tano au sita, jana yake ya safari, nikaziacha kwenye ungo mpaka zipoe kabisa. Ukizifunika zingali moto, kopo hutoka jasho na jasho hilo hurudi kwenye buni. Kisha natia kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, na kinu kidogo na mchi vinapanda chomboni. Natwanga zile za dele moja, pamoja na hiliki na kipande cha tangawizi kavu, maji yakiwa tayari jikoni.

Kopo hilo liweke mbali na mafuta. Mwaka mmoja nililisukuma tezini, nyuma ya chombo, ubavuni mwa galoni la petroli, na mfuniko haukuwa umekaa vizuri. Usiku nikapika, nikampa mzee mmoja wa Kisiwa Panza tuliyekuwa naye. Alionja, akaweka kikombe chini taratibu, akaniambia, "Mwanangu, hii ina petroli. Usimpe mtu." Tulimwaga dele zima, na safari iliyobaki tukanywa maji ya moto na tangawizi. Kahawa hunyonya harufu ya kila kilicho karibu nayo: dizeli, samaki mkavu, vitunguu.

Maji nayo yanahitaji jicho. Visima vingi vya karibu na pwani vina munyu, na ukiyachemsha muda mrefu munyu huzidi kwa sababu maji hupungua na chumvi hubaki. Onja kabla hujajaza dumu. Dumu lenyewe liwe la maji tu tangu lilipoanza kazi. Lililowahi kubeba mafuta ya kula halisafishiki, hata ulisugue kwa majivu na ndimu.

Sasa moto, ambao ndio unaonifanya niandike, kwa sababu nimeona vijana wakiuchezea. Jiko langu la makaa linakaa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Mchanga hulikamata jiko lisitembee, na huzuia joto lisifike kwenye mbao za chombo. Sanduku nimelifunga kwa kamba karibu na mlingoti, chini, kwa kuwa katikati ya chombo ndipo panapotikisika kidogo kuliko omo, yaani mbele, na tezi. Mpishi akae upande wa joshi, unakotoka upepo. Chombo hulalia demani, upande unakokwenda upepo, hivyo dele likipinduka maji ya moto humkimbia, na moshi na cheche pia humkimbia. Avae suruali ndefu, na miguu asiitandaze mbele ya jiko.

Makaa usiyaingize kwenye kibanda kilichofungwa, hata mvua inyeshe namna gani. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ninao, nautumia tukiwa tumetulia, lakini unakaa nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipeperuki, hushuka mpaka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ikajikusanya huko, na cheche moja ya injini inatosha kuwamaliza nyote. Kila kabla ya safari napaka povu la sabuni kwenye mpira na viungio vyake: panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Nikimaliza kupika nafunga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko peke yake.

Dele lijaze nusu, lisizidi hapo. Kwa kahawa chungu ya safarini natumia robusta ya Bukoba. Ni nzito, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na hustahimili kuchemka muda mrefu bila kupoteza nguvu. Vikombe usimpe mtu mkononi wakati wa kumimina. Vipange ndani ya beseni juu ya kitambaa kibichi, mimina nusu nusu, kisha kila mmoja achukue chake. Aliyeanza kichefuchefu mpe tangawizi peke yake kwanza.

Kama utavuka usiku, pika mapema, bahari ingali nzuri, utie kwenye chupa ya chai. Harufu itapungua, nakubali, na mimi kahawa ya chupa siipendi. Lakini saa tisa ya usiku, mawimbi yakiwa makubwa, afadhali mshika usukani anywe hiyo kuliko mtu kuwasha moto.

Arabika ya Kilimanjaro naiweka mpaka tutie nanga Misali, kisiwa ambacho wazee wanasema Nabii Khadhir alikifanya msala wake, yaani mkeka wa kusalia. Maji hapo hutulia upande uliokingwa na upepo. Nachemsha nusu lita, naepua, nahesabu kama dakika moja yapoe kidogo, natia vijiko vitano vya mezani vya kahawa iliyotwangwa sasa hivi, nakoroga mara moja na kufunika. Baada ya dakika nne nanyunyiza maji baridi kidogo juu, mashapo yanazama. Hiyo siichemshi tena wala siitii hiliki. Namimina polepole, na kila mtu anakata kipande chake cha halua.