Kiingereza cha Kila Siku: Kihusishi Kinachodondoka Njiani

SWALI: Katika rasimu ya barua kwa mteja niliandika: "My letter of last week has not been replied." Bosi akaongeza "to" mwishoni. Sasa sentensi inaishia hewani. Nani yuko sahihi? – *Katibu muhtasi, Morogoro*

JIBU: Bosi wako. Kwa Kiingereza mtu "replies to a letter". Bila "to" kitenzi hicho hakiifikii barua. Sentensi ikigeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, "letter" inahamia mbele, lakini "to" haiendi nayo. Inabaki pale pale, imeshikamana na kitenzi: "My letter has not been replied to." Kama mwisho huo unakukera, andika "has not been answered". "Answer" hakihitaji kihusishi (neno dogo kama "to", "at" au "on").

Kosa hili lina chanzo chake, na chanzo ni Kiswahili chenyewe. Sisi tuna kauli ya kutendea. Kile ambacho Mwingereza anakiandika kama neno la pembeni, sisi tunakimeza ndani ya kitenzi. Nyesha, nyeshea, nyeshewa: "tumenyeshewa" ni "we were rained on". Lala, lalia, laliwa: "kitanda kimelaliwa" ni "the bed has been slept in". Shughulika, shughulikia, shughulikiwa: "suala linashughulikiwa" ni "the matter is being dealt with". Anayetafsiri kichwani anaona "linashughulikiwa" imejitosheleza, anaandika "is being dealt", anaweka nukta. Kihusishi kimedondoka bila yeye kujua.

Wakati mwingine maana inageuka kabisa. "Amefanyiwa upasuaji" huandikwa mara nyingi "she was operated yesterday". Lakini "operate" bila "on" ni kuendesha mtambo. Kinachokuwa "operated" ni jenereta au winchi. Mgonjwa ni "was operated on".

Mtenda akitajwa, "by" inakuja baada ya kihusishi, si badala yake: "He was laughed at by his classmates." Wengi wakiona "at by" zimefuatana wanadhani moja imezidi, wanafuta "at". Ziache zote mbili. Vivyo hivyo "The tea was paid for by the chairman" na "She was spoken to by the headmaster".

Kuna vitenzi vyetu ambavyo kihusishi hakiviokoi. "Nilielezwa utaratibu" haiwi "I was explained the procedure", hata ukibandika "to". Kwa "explain", kinachokaa mbele ni jambo lililoelezwa, si mtu: "The procedure was explained to me." Ukitaka kuanza na mtu, badili kitenzi: "I was told." "Nimeibiwa" ikiandikwa "I was stolen" inamaanisha wewe ndiwe uliyebebwa na mwizi; sema "I was robbed" au "my phone was stolen". Na "nimefiwa na baba" haina kauli ya kutendwa inayolingana nayo. Waingereza husema tu "I have lost my father".

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameandika "Kisumu was arrived at at six" na "the meeting was called off". La kwanza nalikata, la pili nalipa alama. Wananiuliza tofauti, nami nataka jibu lisilo la "ndivyo ilivyo". – *Mwalimu, Mombasa*

JIBU: Mwalimu, hapo kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja.

La kwanza ni aina ya kitenzi. "Call off" si kitenzi chenye kihusishi. "Off" pale inafanya kazi ya kielezi. Wape wanafunzi vipimo viwili. Waweke "it": "call it off", lakini "look into it". Ikikaa katikati, hicho si kihusishi. Kisha waingize kielezi kati ya maneno hayo mawili: "they looked carefully into the matter" inapita, ila "they called suddenly off the meeting" hakuna anayesema hivyo. Kwa "call off", kauli ya kutendwa haina shida kwa sababu "the meeting" ni yambwa halisi, yaani kitu kinachotendwa.

La pili ndilo gumu, nalo ni la maana. Kihusishi hukubali kuachwa nyuma pale kinachohamia mbele kinapokuwa kimeguswa na tendo, kimeshughulikiwa, au kimeachiwa hali fulani. Linganisha: "A decision was arrived at" ni Kiingereza safi, kwa sababu uamuzi ndio zao la kikao. Mji haupatwi na lolote kwa sababu mtu amefika. Ndiyo maana "the question was gone into carefully" inakubalika na "the house was gone into" inakataa. Lakini "the house was broken into" inakubalika, maana mlango umeshavunjwa. "This chair has been sat on" ina maana ukiona mto umebonyea. Kwa kiti kisicho na alama yoyote ni sentensi ya ajabu.

Kwa hiyo darasani usiwafundishe orodha ya vitenzi peke yake. Kitenzi kilekile, kihusishi kilekile, kinapita na kukataa kulingana na kilichotendwa.

Orodha fupi ya visivyogeuzwa inafaa hata hivyo: "belong to", "consist of", "result in", "suffer from". Hivi havielezi tendo la mtu juu ya kitu. Kosa sugu hapa ni "the committee is consisted of seven members". Sahihi ni "consists of".

SWALI: Nimesoma kwa Kifaransa mpaka chuo kikuu. Sentensi ya Kiingereza inayoishia na "in" au "at" naiona kama haijamalizika, na mwalimu wetu wa Kiingereza naye alisema ni kosa. – *Msomaji, Lubumbashi*

JIBU: Kifaransa hakina umbo hili, ndiyo maana linakushangaza. Huko utasema "on a dormi dans ce lit", na "dans" haitengani na kitanda chake. Kinorwe, kinyume chake, kinaliruhusu.

Marufuku aliyokupa mwalimu ni ya zamani. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa kuweka vihusishi mwishoni mwa sentensi, akakiri kwamba hata yeye alikuwa nalo kosa hilo. Shule zikaligeuza kuwa sheria. Lakini katika kauli ya kutendwa sheria hiyo haiwezi hata kufuatwa. Unaweza kugeuza "the man I spoke to" kuwa "the man to whom I spoke". Jaribu sasa kuipeleka mbele "into" ya "the matter was looked into": "into the matter was looked" si Kiingereza cha mtu yeyote. Iache mwishoni.

SWALI: Kwenye barua za ofisi nichague lipi: "looked at", "looked into" au "overlooked"? Na je, "was discussed about" ni sahihi? – *Afisa utumishi, Dodoma*

JIBU: Anza na la hatari. "Your application was overlooked" ina maana maombi yalipitiwa bila kuonwa, yaani yamesahauliwa. Usimwandikie hivyo mwombaji kazi ukidhani unamwambia yamepitiwa. Hilo la kupitiwa ni "looked over" au, kwa ofisi, "reviewed". "Looked at" ni kuangaliwa kwa jumla. "Looked into" ni kuchunguzwa, linafaa malalamiko. Kwa kazi inayoendelea tumia "is being dealt with" au "is being attended to". Kwenye mikataba utakutana na "must be complied with" na "must be adhered to". Humo kihusishi kikidondoka, kifungu kinabaki na kilema.

"Discussed about" ni ugonjwa wa upande wa pili, wa kihusishi kilichoongezwa. "Discuss", "request", "emphasise" na "demand", kama vitenzi, huenda moja kwa moja kwenye yambwa. Andika "the budget was discussed", "leave was requested". Kinachochanganya ni nomino zake: "a discussion about", "a request for". Huko kihusishi ni halali.

Neno moja la nyongeza kuhusu "take care of" na jamaa zake, maana barua za ofisi zimejaa hayo. Yana milango miwili: "the guests were taken care of", au "great care was taken of the guests". Ukitaka kuongeza sifa kama "great" au "full", mlango wa pili ni mwepesi zaidi. "Full use was made of the hall" inasomeka vizuri kuliko "the hall was made full use of".

SWALI: Nikisoma "it was paid for" kwa sauti, mkazo uwe wapi? – *Mtangazaji wa redio, Zanzibar*

JIBU: Kwenye kitenzi: "it was PAID for". Lakini usiifupishe "for" kama ifanywavyo katikati ya sentensi. Mwishoni hutamkwa kwa irabu kamili, vivyo hivyo "at", "to" na "of". Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu, kwa kuwa hatuzoei kumeza irabu. "Off" ya "called OFF" ndiyo hubeba mkazo, na sikio likizoea hilo unatofautisha "it was called OFF" (imefutwa) na "it was CALLED for" (ilihitajika) bila kutazama maandishi. "Into" mara nyingi huchukua mkazo kidogo kwenye silabi ya kwanza.