Mbona picha inaruka ukurasa? Majibu ya maswali yenu ya Word

Mwezi huu maswali mengi yamekuja kuhusu kitu kimoja, picha kwenye Word haikai pale mtu anapoiweka. Nimechagua machache, la kwanza nimelijibu kwa urefu maana ukilielewa hilo mengine yote yanakuwa mepesi.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mitihani ya darasa langu natunga na kuchapa mwenyewe. Naweka mchoro wa jicho pembeni ya swali la 7, nachora mishale na herufi A, B, C, kwenye laptopu yangu unakaa vizuri kabisa. Sasa nikiongeza swali juu yake tu, mchoro unahama mishale inabaki, saa nyingine mchoro unaenda ukurasa wa pili unaniachia nusu ukurasa mweupe. Nikipeleka steshenari na flashi ndo balaa zaidi, kila kitu kimevurugika na mtihani ni asubuhi. Nifanyeje? Mwalimu, Njombe

JIBU: Mwalimu nzuri, pole na kazi. Wewe hujakosea kuchora, shida ni kwamba Word ina namna mbili tofauti kabisa za kushika picha na haikuambii iko kwenye ipi mpaka uulize.

Namna ya kwanza ni picha kukaa ndani ya mstari, ukikliki picha na kufungua Layout Options inaandikwa In Line with Text. Hapo Word inaihesabu picha kama herufi moja kubwa tu. Ukiongeza maneno kabla yake inasogea mbele, ukibonyeza Enter inashuka, ukiweka katikati kwa Ctrl na E inakaa katikati kama sentensi. Na kwa sababu herufi haiwezi kukatwa vipande viwili, kama nafasi iliyobaki chini ya ukurasa ni ndogo kuliko picha basi picha nzima inahamia ukurasa unaofuata, ndo hiyo nusu ukurasa nyeupe unayoiona. Ipunguze kidogo urefu au usogeze swali fupi lije kabla yake, nafasi inajaa.

Namna ya pili ni picha inayoelea. Ukichagua Square, Tight, Behind Text au In Front of Text, picha inatoka kwenye mstari na unaikokota popote kwa mausi. Watu wengi wanaipenda hii kwa sababu inaonekana ina uhuru, lakini uhuru huo una kamba. Kila picha inayoelea imefungwa kwenye aya moja, na ukiikliki utaona kialama cha nanga pembeni ya aya hiyo (usipokiona nenda File, Options, Display, weka tiki kwenye Object anchors). Sheria ni hii, picha na aya iliyobeba nanga yake lazima wawe ukurasa mmoja. Ukiongeza swali juu, aya ikisukumwa ukurasa wa pili, picha inaifuata hata kama pale ilipokuwa palikuwa na nafasi tele.

Sasa mishale yako, kila mshale ni kitu kinachojitegemea chenye nanga yake, huenda mchoro umefungwa kwenye swali la 7 na mshale mmoja umefungwa kwenye swali la 6, ndo maana wanaachana njiani. Dawa ni kuwafunga pamoja. Hakikisha kwanza mchoro wenyewe unaelea, maana ukiwa ndani ya mstari hautakubali kuchaguliwa na wenzake, halafu kliki mchoro, shikilia Ctrl, kliki mishale na herufi moja moja mpaka vyote vimechaguliwa, kliki kulia, chagua Group. Kuanzia hapo ni kitu kimoja. Ukishamaliza lirudishe kundi lote kwenye In Line with Text na hapo mishale haina tena pa kukimbilia.

Utasema sasa nitauwekaje pembeni ya swali kama uko ndani ya mstari? Weka jedwali mwalimu, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu nawaona walimu wanakesha wakipiga spesi hamsini kusukuma maneno. Chora jedwali la safu mbili na mstari mmoja, kushoto andika swali, kulia weka mchoro, halafu ondoa mistari ya jedwali kwa No Border. Mwanafunzi haoni jedwali lolote, anaona swali na mchoro wake. Kisha kliki kulia ndani ya jedwali, fungua Table Properties, kwenye Row ondoa tiki ya Allow row to break across pages, swali na mchoro wake havitatenganishwa tena. Na palepale kwenye Table, ndani ya Options, ondoa tiki ya Automatically resize to fit contents, la sivyo picha kubwa itaipanua safu yake na kubana maneno ya swali.

Kuhusu steshenari. Faili la Word sio picha ya ukurasa, ni maelekezo, na kila kompyuta inapanga ukurasa upya inapolifungua. Kama fonti uliyotumia haipo kwenye kompyuta ya pale itawekwa nyingine, herufi zinakuwa pana kidogo tu, mstari mmoja unazaa miwili, na kufika swali la 7 kila kitu kimeshuka. Kingine ambacho wengi hawakiangalii ni saizi ya karatasi. Word nyingi zinakuja zimewekwa Letter, karatasi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279, wakati huku tunaprinti A4 ambayo ni 210 kwa 297. Umepanga kwenye karatasi fupi na pana, inaprintiwa kwenye ndefu na nyembamba, lazima vitu vihame. Kabla hujaandika hata neno moja nenda Layout, Size, chagua A4. Ukimaliza sevu kama PDF, hiyo PDF ndo upeleke, maana kurasa zake zimeshapangwa na fonti kwa kawaida zinabebwa humohumo. Faili la Word baki nalo wewe kwa marekebisho ya mwakani.

SWALI: Fundi, tunaandaa kijitabu cha mazishi ya nyanya yetu, mimi ndiye nimepewa hiyo kazi. Kwa jalada tunataka picha yake ijae ukurasa na jina lake na miaka iandikwe juu ya picha, lakini maandishi yanakimbia. Ndani kuna picha za familia, majina yanajitenga na picha, mjomba anatokea na jina la mtu mwingine. Na zingine nyuso zimevutwa. Tunaprinti kesho kutwa, tafadhali. Mjukuu, Kakamega

JIBU: Poleni sana na msiba, Mungu ampumzishe nyanya mahali pema. Umepewa kazi nzito maana hicho kijitabu watu watakiweka miaka mingi, kwa hiyo tukifanye vizuri.

Anza na karatasi kabla ya picha. Nenda Layout, Margins, Custom Margins, pale kwenye Multiple pages chagua Book fold. Word yenyewe italaza karatasi na kupanga kurasa ili A4 ikikunjwa katikati iwe kijitabu cha A5. Hesabu ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, yaani 8, 12, 16, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. Ukifanya hivi baada ya kupanga picha utapanga zote upya na muda huo hamna. Na mkiipeleka saiba waulize kama printa yao inatoa pande mbili, wageuze kwa upande mfupi, wakigeuza upande mrefu nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini.

Jalada ndiyo sehemu moja ambapo picha inayoelea ina kazi ya kweli. Weka picha, kliki, pale kwa Layout Options chagua Behind Text, halafu chagua Fix position on page ili maneno yakisogea yenyewe isisogee. Ila tu usifute aya iliyobeba nanga. Jina na miaka usiiandike moja kwa moja juu ya picha kwa kupiga Enter nyingi, weka boksi la maandishi kutoka Insert, Text Box, andika humo, uondoe rangi yake ya ndani kwa No Fill na mstari wa nje kwa No Outline. Hilo boksi utalisogeza polepole kwa vitufe vya mishale mpaka likae mahali panaposomeka, na uso wa nyanya usifunikwe. Picha iliyo nyuma ya maandishi ikikataa kushikika bonyeza Alt na F10, orodha ya vitu vyote vya ukurasa itafunguka upande wa kulia, uichague kutoka huko.

Hizo za ndani tumia jedwali, vile nimemwambia mwalimu hapo juu. Kila mtu apewe chumba chake, picha iwe ndani ya mstari, piga Enter mara moja, andika jina palepale chini yake kwenye chumba hichohicho. Jina likiwa chumba kimoja na picha haliwezi kwenda kwa mwingine hata ukiongeza watu kumi. Na hili ulichukulie kwa uzito, mtu akiona jina la marehemu ndugu yake chini ya picha ya mtu aliye hai ni uchungu juu ya uchungu, kwa hiyo kabla ya kuprinti kaa na mama au shangazi mmoja mpitie kila jina.

Nyuso kuvutwa ni kwa sababu unapunguza picha kwa kushika kitufe cha ubavuni. Shika cha pembeni kabisa, kwenye kona, urefu na upana vitapungua pamoja. Zile zimeshavutwa bonyeza Reset Picture & Size zirudi zilivyokuwa. Na zile mnatumiwa kwa WhatsApp waambieni wazitume kama dokyumenti sio kama picha, maana ikitumwa kama picha inabanwa na ikijaa jalada inaonekana ukungu.

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika ripoti ya utafiti chuo, nikiweka picha inatokea kipande chembamba tu cha chini, nyingine yote imejificha nyuma ya maandishi. Picha ni nzima, nimeiangalia. Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha yako iko ndani ya mstari na mstari umepewa kimo kamili kisichobadilika, kwenye Paragraph, Line spacing imewekwa Exactly. Mstari hauruhusiwi kukua kwa hiyo picha inaonekana kwa kimo cha mstari tu. Kliki mbele ya hiyo picha bonyeza Ctrl na 1, itatokea yote. Maandishi mengine ya ripoti yaache kwenye nafasi chuo wanayotaka, badilisha mstari wa picha peke yake. Na ukiwa palepale, kwenye Line and Page Breaks weka tiki ya Keep with next, ili picha isibaki ukurasa mmoja na maelezo yake yakaenda mwingine, wasimamizi wanakasirika sana na hilo na wana haki.

SWALI: Sina Word natumia LibreOffice, mambo ni hayohayo? Na kuna kitu kimenitisha, nilifuta aya moja picha ikapotea pamoja nayo. Mama wa saluni, Mombasa

JIBU: Dada, karibu ni hayohayo na LibreOffice ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi zako. Kliki kulia kwenye picha, tafuta Anchor. As Character ndiyo picha ndani ya mstari, To Paragraph ni kufungwa kwenye aya, na kuna To Page ambapo picha inabaki ukurasa huo hata maneno yakihama, hiyo tumia kwa bango au jalada tu. Ukijua faili litafunguliwa na mtu mwenye Word, tumia As Character na majedwali, vinavyoelea ndivyo vinavyohama zaidi kati ya programu hizi mbili.

Picha kupotea ni ile habari ya nanga, aya ilikuwa imebeba nanga yake, ukaifuta ikaenda nayo. Bonyeza Ctrl na Z irudi, ushike kialama cha nanga ukikokote mpaka aya nyingine unayotaka kuibakiza, halafu ndo ufute ile ya kwanza.