Dingdong, msumeno wa mkanda au mtambo mkubwa?

SWALI: Mhariri, sisi ni kikundi cha wakulima wa miti wilayani Mufindi. Misindano (miti ya paini) yetu imefikisha miaka 12, na hadi sasa tumekuwa tukikodi dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao yenye msumeno wa duara, kuipasua. Tumeweka akiba, na wakala mmoja anatushawishi tuagize mtambo mkubwa unaojiendesha wenyewe, akidai kuwa mashine ndogo zimepitwa na wakati. Tununue ipi?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu msomaji, wakala huyo amewasifia mashine bila kuwauliza magogo yenu yana unene gani, wala mbao mtamuuzia nani. Mtambo mkubwa hurudisha gharama zake ukilishwa magogo mfululizo mwaka mzima. Mashamba ya wanakijiji, yanayovunwa kidogo kidogo na kusimama masika barabara zinapoharibika, hayataweza kuulisha, ilhali marejesho ya mkopo hayasubiri kiangazi.

Dingdong nayo isidharauliwe, kwa maana husogezwa hadi shambani na fundi wa mjini huimudu. Ila inakula mti. Msumeno wake wa duara huacha njia ya takriban milimita 6, wakati msumeno wa mkanda, ambao ni utepe mwembamba wa chuma wenye meno, huacha milimita 2 hivi. Tofauti hiyo ya milimita 4, katika kila mikato 6, ni milimita 24 zilizogeuka vumbi, yaani karibu ubao mzima wa inchi moja; na kwa gogo jembamba la msindano mchanga, ubao huo ndio faida yenu.

Kwa hiyo ningechagua msumeno mdogo wa mkanda, kwa sharti kwamba ununuliwe pamoja na mashine ya kunolea, na kijana mmoja apelekwe kujifunza unoaji katika Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi. Mkanda butu huyumba ndani ya gogo na kutoa ubao mnene upande mmoja, mwembamba upande wa pili.

Fedha itakayobaki ijenge banda la kukaushia. Mbao mbichi zikilundikwa hovyo hupinda na kuota madoa ya bluu ya ukungu (nimeziona zikishushwa hivyo Dar es Salaam, na bei ikishuka nazo). Zipangeni juu ya matofali, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja vilivyonyooka kutoka chini hadi juu, kisha muweke uzito. Fundi wa samani anahitaji unyevu wa asilimia 12 hivi, na hewa ya baridi ya Mufindi peke yake ni vigumu kuwafikisha huko. Banda la plastiki lenye feni, linalotumia joto la jua, linatosha kwa kuanzia.