.303 ya jeshi kupiga risasi za .22: niliyoyaona kwenye yangu

Mkuu, umeuliza kama bunduki ya zamani ya jeshi, ya risasi za .303, inaweza kupiga risasi ndogo za .22. Inawezekana, na Waingereza walizigeuza kwa wingi kwa mazoezi ya askari wao. Niko Uingereza, nina leseni, na ninayolengea shabaha klabuni ni Lee-Enfield No. 2 Mk IV*. Kwa nje ni ndugu kabisa wa zile walizobeba askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki.

Wengi hudhani kazi yote iko kwenye mtutu. Risasi ya .303 ina kipenyo cha milimita 7.9 hivi, ya .22 ni 5.7, kwa hiyo ile ndogo itapita bila kushikwa na mifereji, yaani michirizi ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi. Ndiyo maana kampuni ya A. G. Parker ya Birmingham ilikuwa ikipanua mtutu wa zamani na kuingiza bomba jembamba la .22 ndani yake. Ila kiini ni fataki, ile baruti ndogo inayowaka ikigongwa na pini. Kwenye .303 imekaa katikati ya kitako cha ganda, kwenye .22 imo ndani ya ukingo, mzunguko mzima. Pini ikigonga katikati, kimya. Kwa hiyo kichwa cha bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu na kubeba pini, nacho hubadilishwa.

Ninachokipenda zaidi ni magazini. Imeachwa mahali pake, springi imetolewa. Unapakia risasi moja moja kwa mkono, na ganda tupu linadondokea humo. Mwisho wa zoezi unaichomoa na kumimina maganda mezani.

Ya kwanza kununua ilinitesa. Kwa yadi 25 tu, matundu kwenye karatasi yalikuwa marefu kama tundu la ufunguo, maana yake risasi zilifika zimelala ubavu. Wiki tatu nahangaika na kilengeo! Fundi bunduki akamulika mtutu akaniita nichungulie: mifereji imeliwa na kutu. Fataki za zamani ziliacha chumvi inayokula chuma, na mtutu usiposafishwa vizuri huishia hivyo. Muuzaji aliniapia kwamba ni safi.

Kama unayo .303 nzima, tafadhali usiiguse. Tafuta iliyokwisha kugeuzwa. Huku Uingereza, mtutu ukibadilishwa, bunduki haiuzwi mpaka ipimwe upya uimara na kugongwa muhuri, London au Birmingham, ambako nyumba ya upimaji ipo tangu 1813. Tafuta muhuri huo. Kisha omba bolti itolewe, uchungulie mtutu kwa jicho lako kabla hujatoa hela.