Machapisho ya blogu yanafika ofisini nusu: tatizo liko wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya sekondari wilayani Temeke, Dar es Salaam. Mkuu wa shule amenikabidhi kazi ya kuwafundisha wenzangu kutumia blogu na milisho ya habari. Tumefungua blogu ya idara ya sayansi katika Blogger, huduma ya Google ya kuandikia blogu, na kompyuta tatu za ofisi ya walimu zina Thunderbird, programu ya barua pepe inayopokea pia milisho. Kila asubuhi tunawasha modemu, tunapokea machapisho mapya, kisha tunaizima ili bando lifike mwisho wa mwezi. Lakini tukija kusoma wakati wa mapumziko, mara tunakuta ukurasa mtupu, mara mistari michache iliyokatika katikati ya sentensi. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, utaratibu wenu wa asubuhi ni mzuri na ningependa shule nyingi zaidi ziufuate. Mnachokiona ni hitilafu mbili zisizohusiana, moja ikiwa katika kompyuta zenu na nyingine katika blogu, na kwa kuwa zinatokea pamoja ni rahisi kuzidhania kuwa moja.

Mlisho ni faili la maandishi ambalo blogu hulitengeneza yenyewe kila mnapochapisha. Mfumo wa kuandika milisho uitwao RSS ulianza mwaka 1999, na ule wa Atom, ambao Blogger pia huutumia, ukawekewa kiwango rasmi mwaka 2005. Thunderbird huliendea faili hilo, hulisoma na kuhifadhi yaliyo mapya. Ndani yake mna kichwa cha habari, tarehe, kiungo, na kisha ama chapisho zima ama sehemu yake tu, kadiri mwenye blogu alivyoamua.

Ili kujua kosa liko upande gani, andika katika kivinjari anwani ya blogu yenu, kisha uongeze /feeds/posts/default mwishoni. Litafunguka faili lenye alama nyingi zisizopendeza macho. Usizijali, bali tafuta sentensi ya mwisho ya chapisho lenu la karibuni. Isipokuwepo, blogu ndiyo inayokata maandishi. Ingia katika mipangilio ya Blogger, sehemu ya mlisho wa tovuti, uchague mlisho kamili badala ya mfupi. Kwa blogu za watu wengine huna la kufanya isipokuwa kufungua ukurasa wenyewe wakati modemu inawaka.

Ukurasa mtupu unatokana na Thunderbird. Unapobofya kichwa cha habari, programu inaweza kuonyesha maandishi iliyokwisha kuyahifadhi, au ikaenda mtandaoni kuupakia ukurasa mzima, na modemu ikiwa imezimwa hakuna cha kuonyesha. Katika mipangilio ya akaunti ya milisho kuna kisanduku cha kuiagiza ionyeshe muhtasari badala ya kupakia ukurasa. Kitie alama, kisha ukague pia mlisho mmoja mmoja kati ya ile mliyojiunga nayo zamani. Neno muhtasari lisikutie shaka, kwani hapo utaonyeshwa maandishi yote yaliyoletwa na mlisho.

Picha ni jambo jingine, nalo linawahusu sana walimu wa sayansi. Kwa kawaida mlisho haubebi picha yenyewe bali anwani ya mahali ilipo, hivyo mchoro wa kifaa cha kukeneka maji hautaonekana bila mtandao hata baada ya marekebisho haya. Niliwahi kusoma chapisho la mwalimu mmoja lililosema tu «tazama mchoro hapo juu», na hapo juu palikuwa na mraba mtupu. Wazoeze wenzako kueleza kwa maneno kila wanachokichora: chupa iko wapi, mrija unapita wapi, maji ya kupoza yanaingilia wapi.

Katika mafunzo yenyewe, ningekushauri uanze na kusoma. Mwalimu akishazoea kupokea machapisho ya somo lake kwa majuma mawili, atatambua mwenyewe kichwa cha habari kinachoeleweka na aya iliyorefuka kupita kiasi, na atakapoandika atakuwa na kipimo.

Kabla hamjaendelea kuchapisha, mkuu wa shule aulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu masharti yanayowahusu, kwa kuwa kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, zilizochukua nafasi ya zile za 2018, zinawagusa wenye blogu. Majina, alama na picha za wanafunzi visiwekwe humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na shule nayo inashika taarifa za watoto wa watu. Kuifunga blogu isomwe na walioalikwa tu hakutawasaidia, kwa sababu Blogger haitoi mlisho kwa blogu iliyofungwa. Tena, chapisho likishapokelewa katika kompyuta ya msomaji, kulifuta kwenye blogu hakuliondoi kule. Kwa hiyo mwandishi aache kazi yake ikiwa rasimu, mwenzake wa idara aisome hadi mwisho akitafuta hasa jina au alama ya mwanafunzi iliyopenya, na huyo wa pili ndiye abonyeze kitufe cha kuchapisha.